Jina Nililoupa Mtama wa Wifi

Kabla hakujapambazuka nilisikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa mezani polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Alikuwa mke wa mwanangu. Alikuwa amekizungushia kitambaa kisije kikagonga na kuniamsha. Hakujua kwamba sikuwa nimelala. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda muda mrefu, viatu miguuni, mkoba magotini.

Alisukuma mlango kidogo.

"Mama, umeshaamka? Au umelala na viatu?"

"Nimevivaa sasa hivi."

"Sasa hivi ya jana," alisema, akaniletea uji. Alikuwa ameupoza kwa kuumimina bakuli hili kwenda lile, maana anajua meno yangu hayapatani na moto. Akakaa karibu yangu. Yeye peke yake ndiye niliyemweleza, na nilimweleza jana tu, tukiwa tunachambua mboga. Hakushtuka wala hakuniuliza mbona nilifanya vile. Aliendelea kuchambua, akasema, "Basi nenda ukamwambie mwenyewe."

Asubuhi hii akasema tena, "Makaratasi yanakwenda kwa mpiga chapa kesho. Ukirudi bila kusema, mama, utaugua."

"Na mume wako je?"

"Nitamwambia umekwenda kumtazama wifi yako. Si uongo."

Si uongo. Nilikunywa uji wote kwa sababu alikuwa amehangaika kuupoza.

Nieleze tangu mwanzo, maana jambo lenyewe lina zaidi ya miaka arobaini.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliolewa mbali, upande wa nyanda kavu. Alikaa huko miaka sita bila kupata mtoto, wakamrudisha. Alifika kwetu kwa miguu, vumbi mpaka kwenye kope, na kifurushi kimoja. Ndani ya kile kifurushi mlikuwa na nguo mbili na mtama wa kibaba kimoja hivi.

Mtama wetu sisi ulikuwa mrefu, mweupe, suke limeinama kama mtu anayetafuta sindano. Huu wake ulikuwa mfupi, haukumpita mtu kifuani. Punje zake nyekundu, na chini ya kila punje kuna kidoa cheusi kama jicho la kuku. Alipanda mistari michache nyuma ya nyumba. Ukakomaa wetu ukiwa bado unachanua. Sisi tulishinda mashambani tukiamia ndege, tukipiga makopo na kupayuka mpaka sauti zinakauka. Ndege walitua kwenye mtama wa wifi mara moja, wakauonja, wakautema. Ulikuwa na uchungu mbichi ambao hutoka ukiloweka.

Siku hizo tulipura pamoja, nyumba zote za pale, kwenye uwanja mmoja uliosiribwa udongo ukawa laini kama sahani. Ili mbegu zisichanganyike, kila nyumba ilingoja zamu yake. Mama mkwe wangu ndiye aliyeshika ufagio. Akishafagia punje ya mwisho ya mwenzako aliita, "Unaingia mtama gani?" Mwenye mtama alitaja jina, na sote tuliokuwa na fimbo za kupuria tulilirudia mara tatu, ndipo masuke yakamwagwa. Jina lililotajwa uwanjani lilikuwa limekwisha kuwa jina. Hata kama ni la kipuuzi. Kulikuwa na mtama uitwao Mkia wa Punda, mwingine Usinicheke, na mmoja ambao mwenyewe alikuwa amelewa siku ile, tukauita Ngoja Kwanza mpaka alipokufa.

Zamu ya wifi ilipofika, mama mkwe aliita, "Unaingia mtama gani?"

Wifi alisogea na ungo wake wa masuke. Akafungua mdomo.

Mimi nikamwahi. Nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, kila mtu ananisifu, nikajiona nimemaliza dunia. Nikapaza sauti, "Mrudishwa!"

Watu walicheka mpaka fimbo zikawaponyoka. Kisha wakaziokota, maana kazi ni kazi, wakaitikia: "Mrudishwa! Mrudishwa! Mrudishwa!" Mama mkwe wangu hakucheka. Wifi alifunga mdomo wake, akamwaga masuke, akashika fimbo akapura pamoja na sisi. Jioni ile miguu yangu ilikuwa imevimba. Aliyenichotea maji ya kuikanda ni yeye.

Baada ya miaka mitatu mvua ilikata. Mtama mweupe ulikauka umesimama. Ule mwekundu ukazaa, kidogo, lakini ukazaa, na nyumba yetu haikulala njaa. Watu wakaja kutoka mbali kuomba mbegu. Walikuwa wakisema kwa adabu zote, "Tunaomba Mrudishwa, tafadhali," bila kujua kwamba wanamtaja mtu, na huyo mtu ndiye anayewapimia. Wifi aliwapimia kwa viganja viwili mpaka punje zinamwagika. Mimi nilikuwa nikisikia neno lile nainuka, najifanya nakwenda kutazama moto.

Mwaka uliofuata alihamia mjini. Hakusema kwa nini na mimi sikuuliza.

Mtama wenyewe nao ukapita kwenye majina. Mahindi yalipoenea, ukaitwa chakula cha kuku, na watoto wangu walikuwa wakifunika chakula chao kwa mkono shuleni wasionekane. Halafu ukaitwa chakula cha njaa. Majuzi mjukuu wangu alileta pakiti ya dukani yenye picha ya jani, imeandikwa Nafaka ya Afya. Nikafungua, nikachukua punje nikaitafuna, nikacheka mpaka nikapaliwa. Umehamahama majina kama mwizi anavyohama mitaa, na muda wote ni mtama.

Ule wa wifi niliuendeleza. Kila mwaka nilichagua masuke mazuri, nikahifadhi mbegu kwenye kibuyu pamoja na majivu. Hilo nilifanya kweli. Miaka minne iliyopita akaja binti wa mbegu. Ndivyo tunavyomwita nyumbani. Kazi yake ni kuzunguka akikusanya mbegu za zamani zihifadhiwe zisipotee. Alikuwa na bahasha, mzani mdogo, na penseli ameichomeka nyweleni. Wajukuu walikuwa wamejaa mlangoni wakitazama.

"Bibi, huu unaitwaje?"

Nilijua jibu. Nilijua pia swali litakalofuata: kwa nini Mrudishwa? Nikawaona wajukuu zangu wale, wasichana wawili wakiwa wameshikana mikono, nikaona haya.

"Unaitwa Tegemeo," nikasema.

"Jina zuri! Ulitoka wapi?"

"Kwa mama mkwe wangu."

"Na aliyeutunza?"

"Mimi."

Akaandika yote. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Nilisoma mpaka darasa la nne, na niliona uongo wangu umekaa kwenye mistari umenyooka.

Wiki iliyopita alirudi anameremeta. Katika mbegu zote alizokusanya, Tegemeo ndiyo imechaguliwa kugawiwa wakulima wa sehemu kavu. Itatiwa kwenye pakiti. Alikuja na mfano wa karatasi yake, mbele kuna suke, nyuma kuna habari za mbegu na uso wangu. Mwanangu aliizungusha nyumba kwa nyumba. "Mama yangu huyu!" Watu wakanipa mikono. Kila mkono niliopewa uliniunguza.

Basi ndipo nikapanda basi kwenda kwa wifi.

Anakaa nyuma ya duka la fundi cherehani, chumba kimoja chenye mlango wa bati. Nilisimama pale nje nikihesabu misumari ya mlango. Fundi alinitazama, akasukuma kigoda chake kwa mguu kuelekea kwangu bila kuacha kushona. Sikukaa, ila kile kigoda kilinitia moyo. Nikabisha.

"Kama unataka kimea, kimeisha," sauti ikasema ndani. "Kama umekuja kunihubiria, wenzako walikuja jana wawili."

"Ni mimi, wifi."

"Wifi gani? Mimi nina wifi mmoja tu, na huyo alishanisahau."

"Ndiye huyo."

"Basi ingia. Usahaulifu hauambukizi."

Chumba kilikuwa na kitanda, kiti kimoja, na ukuta mzima wa mbao zilizopangwa kama rafu. Juu ya mbao kulikuwa na masinia yaliyofunikwa magunia mabichi. Wifi anatengeneza kimea: analoweka mtama, anauotesha, anaukausha, anausaga, na watu wanakuja kununua wautie kwenye uji wa watoto na wagonjwa. Harufu ilikuwa ya mvua ya kwanza. Macho yake yameingia ukungu sasa. Alinisogelea akanipapasa bega, mkono, shavu.

"Umenenepa."

"Nimevimba tu."

"Wewe na kuvimba!" Akacheka, akanisukumia kile kiti kimoja, yeye akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alifuta kikombe kwa upindo wa nguo yake, akanipa maji. "Haya. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi nani anaoa?"

"Hakuna."

"Umetoka kwako mpaka hapa, hakuna aliyekufa wala anayeoa. Basi ni balaa. Inuka unishikie gunia, utaniambia mikono ikiwa na kazi."

Tulishika gunia pande mbili tukalifunua. Chini yake mtama ulikuwa umetoa mizizi myeupe kama nyuzi. Nikainamisha uso. Punje nyekundu. Kidoa cheusi.

"Wifi, huu..."

"Ndio huohuo. Nilipoushika sokoni mara ya kwanza kidole kiliujua kabla ya jicho, na siku hizo jicho lilikuwa bado zima. Wauzaji wanauita Kifupi. Watu wa malori wanauita Jicho la Kuku. Kuna mama mmoja anauita Damu, eti unaongeza damu. Mimi nanyamaza, nanunua."

"Hukuwaambia kwamba uliuleta wewe?"

"Niwaambie nini? Kwamba niliubeba nikilia njia nzima? Geuza huko kwako, usiponde mizizi."

Niligeuza. Nikapiga moyo konde nikamwambia. Nilimwambia habari za binti wa mbegu, na swali, na jibu langu. Nikatoa karatasi mkobani nikamwekea mkononi.

Aliishika, akaipitishia kidole juu kama anatafuta mbegu mbovu. Akanirudishia.

"Unajua sioni. Nisomee."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Njia nzima nilikuwa nimepanga jinsi ya kuomba radhi, wala sikufikiri kwamba nitausoma uongo wangu kwa sauti, mbele yake, neno kwa neno. Nilisoma. "Tegemeo. Mtama mfupi, unaovumilia ukame. Mbegu hii ilirithiwa na bibi huyu kutoka kwa mama mkwe wake, naye ameitunza kwa mikono yake mwenyewe kwa zaidi ya miaka arobaini."

"Soma tena hapo pa mama mkwe."

Nikasoma tena.

"Mama alikuwa na mtama mweupe maisha yake yote," alisema taratibu. "Huu alikuwa akiniomba mimi. Alikuwa ananiomba kwa kusimama, mama yangu mzazi, kama mgeni, ili nisijione ninakaa pale bure."

Sikulijua hilo. Nilikaa kwenye kiti, mikono ina maji ya mtama, nikayaacha yadondoke.

"Wifi, nisamehe. Na lile la uwanjani pia. Lile ndilo lililoanza yote."

"Lile liliniuma," alisema. "Siku mbili chakula hakikupita. Lakini sikiliza. Watu walilichukua, wakaenda nalo. Mwaka ule wa ukame walikuwa wanakuja wananiita mimi bila kujua, na mimi nawajaza viganja, najiambia, haya, Mrudishwa anawalisha. Nikawa nacheka moyoni. Kwenye Mrudishwa nilikuwemo, wifi. Kwenye Tegemeo yumo nani?"

Nje mashine ya fundi ilikuwa inakwenda, ikasimama, ikaenda tena. Nilikuja nikidhani nimebeba kosa moja kubwa, la ujana, na lingine dogo la uzeeni lililofanywa kulifunika. Kumbe dogo ndilo kubwa.

Baadaye nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza mtu yeyote. "Siku ile ulifungua mdomo. Ulitaka kutaja jina gani?"

Aliingiza vidole kwenye sinia, akavitoa.

"Alinipa mama mkwe wangu wa kule," alisema. "Siku waliponitoa, yeye hakuwa na sauti pale nyumbani. Alinisindikiza mpaka mwisho wa mashamba, akavua kitambaa chake cha kichwa, akafungia mbegu. Akaniambia sisi tunauita hivi. Maneno mawili. Nilikuwa natembea nikiyasema njiani nisiyapoteze. Nikafika nayo. Nikangoja mwaka mzima nifike uwanjani niyataje." Akafuta mkono kwenye goti. "Ukaniwahi. Yakarudi ndani. Sikuyataja tena, ningeyataja wapi, na jina lilikuwa limeshapatikana? Sasa nayatafuta siyaoni. Namwona yeye, kichwa wazi, mvi zinapeperuka. Mdomo wake unasema. Sisikii."

Hapo ndipo nililia. Sikulia kwa sauti, maana sikuona kama nina haki ya kubembelezwa. Lakini alinisikia, akanyoosha mkono akanipa upindo uleule aliofutia kikombe.

"Pangusa. Unaniongezea chumvi kwenye kimea."

Nilitoa simu yangu, nikabonyeza pale mkwe wangu alipoweka alama. Binti wa mbegu akapokea kwa furaha, "Bibi yangu!" na nikamwambia bila kuzungusha kwamba nilimdanganya. Mambo mawili, jina na ulikotoka, nikayataja moja moja.

"Bibi, itabidi nimwambie mkuu wangu. Na picha yako itatoka."

"Itoke."

"Watauliza kwa nini."

"Waambie aliona haya akasema uongo."

Nikasikia anavuta pumzi. Halafu akauliza, "Umekula leo, bibi?" Mtoto wa watu. Nikasema nimekula.

"Basi tuandike jina gani?"

Wifi alikuwa amenyoosha mkono, nikampa simu. Aliishika mbali na sikio, akawa anapaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. "Binti! Andika Mrudishwa! Ndiyo. Na chini yake andika aliyerudishwa ni nani." Akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, akalirudia herufi kwa herufi mpaka fundi akachungulia mlangoni. "Halafu andika kwamba ulikuwa na jina lingine kule ulikotoka, likapotea. Usiandike nani amelipoteza. Andika limepotea. Umesikia? Na uandike kuna mama alivua kitambaa chake. Nafasi haitoshi? Toa hiyo picha ya suke, kila mtu anajua suke lilivyo."

Akanirudishia simu. Hakuwa ameniambia kwamba amenisamehe, na sikumwomba tena. Mwanangu atakasirika; atalazimika kupita nyumba zilezile akifuta maneno yake, na watu watanitazama nikienda dukani. Ni haki yao. Wifi ndiye aliyenisitiri pale kwenye simu, na sikumwomba anisitiri.

Tulifunika masinia yaliyobaki. Mchana ulikuwa umekwisha kuwa mkali. Alinisindikiza mpaka mlangoni akishika ukuta, akasimama, mkono wake umeng'ang'ania kiwiko changu.

"Ulikuwa umesimama upande gani siku ile pale uwanjani?"

"Kushoto kwako. Karibu na rundo la mabua."

"Na mama alikuwa wapi?"

"Mbele yetu. Amekwishafagia, ameegemea ufagio."

"Unaona, hilo la ufagio nilikuwa nimelisahau." Alifumba macho yake yale ya ukungu, midomo ikacheza kidogo, ikaacha. "Hapana. Leo jina lile halitoki. Lakini limesogea, wifi. Njoo tena. Njoo wiki ijayo, ukae kutwa, unihadithie siku ile yote, hata yale ya kunicheka. Usinikatie chochote. Njoo tena."